Anayekoroma Darini kwa Mwajuma

Nyumba ya Mwajuma haikosi watu. Asubuhi wapo wa kuomba moto. Mchana wapo wa kuomba chumvi. Jioni wapo wasioomba kitu, wamekuja kukaa tu. Iko kando ya njia inayopanda kutoka Mkuyuni kwenda kijiji cha Mng'ondo, kwa hiyo anayeshuka na ndizi na anayepanda na sabuni wote hupitia barazani pake. Mwajuma huwapa maji ya kunywa, nao humpa habari. Nani kaposwa, nani kafumaniwa, mbuzi wa nani kala mihogo ya nani. Biashara hiyo haijawahi kumtia hasara.

Msimu ule nyumba ilijaa kuliko kawaida. Binti yake, Shakila, alikuwa mwali. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akawekwa ndani, akawa anasubiri kuchezwa ngoma. Siku hizi mwali hakai ndani mpaka asahaulike sura, kama walivyokaa bibi zake. Lakini ndani ni ndani. Haonekani barazani, haendi kisimani, na mafunzo yote anapewa na somo wake.

Somo wa Shakila alikuwa Raya, jirani wa nyumba ya pili, shoga wa Mwajuma tangu wote wawili walipokuwa wanawali. Siku ya ngoma, Raya ndiye angemshika Shakila mkono na kumtoa mlangoni mbele ya watu. Mwali hatolewi na mtu mwingine. Somo akigoma, hakuna ngoma.

Chakula cha ngoma kiliingia kidogo kidogo. Ukoo ulileta mchele. Mawifi walileta maharage na mahindi. Vyote viliwekwa kwenye viroba, vikapandishwa darini, juu ya chumba cha mwali.

Panya nao walipata habari.

Siku moja Mwajuma alipanda kuchukua maharage. Alipoinua kiroba, maharage yalimwagikia miguuni. Kiroba kilikuwa kimetobolewa chini. Cha mchele nacho hivyo hivyo, na juu yake vinyesi vyeusi.

"Washenzi hawa!" alisema. "Wameanza sherehe kabla yetu."

Akamwagiza kijana wa bodaboda amletee sumu ya panya kutoka gulioni. Ilikuja kwenye kifuko kisicho na maandishi. Mwajuma akaichanganya na dagaa, akaitawanya darini. Hakumwuliza mtu yeyote. Nani anauliza namna ya kuua panya? Panya wakaanza kuonekana wakipepesuka uani kama walevi. Wengine walikufa, naye akawatupa migombani, nyuma ya nyumba.

Kisha Shakila akasema jambo.

"Mama, darini kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Simwoni. Anakoroma tu. Anakoroma kama baba."

"Baba yako yuko Kisaki, kazini kwenye reli."

"Ndiyo maana naogopa, mama."

Jioni ile, baada ya sala ya magharibi, Mwajuma aliingia chumbani kwa mwali na kutega sikio. Kweli. Juu ya vichwa vyao kitu kilivuta pumzi ndefu, ya kukwaruza, khrrrr, kikanyamaza, kikaanza tena. Mwajuma akasoma dua zote alizozijua. Mkoromaji hakujali.

Asubuhi yake alikuwa akifagia uani, chini ya upande wa paa ulioachia ubao. Ufagio ukagonga kitu. Kilikuwa kitonge cheusi, kirefu kama kidole gumba, kinang'aa kana kwamba kimepakwa mate. Akakigeuza kwa kijiti. Ndani mlikuwa na nywele zilizoshikana, na katikati ya nywele vifupa vyeupe, vyembamba kama sindano.

Pembeni kilikuwepo kingine. Na kingine.

Ufagio ukamtoka mkononi.

"Yallah! Wameniwekea hirizi. Mwanangu wameshamfunga."

Mwajuma alikwenda moja kwa moja njia panda, kwa Regina muuza maandazi. Habari ikifika kwa Regina, imefika kote.

"Nywele?" Regina aliuliza, mwiko ukining'inia juu ya karai.

"Nywele na mifupa. Na darini mtu anakoroma."

"Mwenzangu! Nani aliingia uani kwako?"

"Watu wote wanaingia kwangu, unanijua." Mwajuma akafikiri. "Juzi jioni alipita Raya. Alikuja kuazima ungo."

"Ungo?"

"Ungo wa kupepetea. Sijasema ni yeye, Regina. Nimesema alipita tu."

"Hujasema," alikubali Regina, na akageuza andazi lililokwisha kuungua.

Jua lilipofika utosini, habari ilikuwa imeshuka mpaka Mkuyuni na kupanda tena. Iliondoka na ungo wa kupepetea. Ilirudi na Raya amepanda ungo huo, anapaa juu ya paa la Mwajuma, nywele zimemsimama.

Alasiri Raya alikuja mwenyewe. Barazani palikuwa pamejaa, kama kawaida. Watu wakanyamaza wote kwa pamoja, na hiyo haikuwa kawaida. Raya akauweka ungo chini, taratibu.

"Ungo wako huu, Mwajuma. Nimeuleta kwa miguu. Sikuruka nao."

"Raya, shoga yangu, mimi sikusema..."

"Najua hukusema. Wewe husemi. Wewe unapita tu njia panda, maneno yanajidondokea." Akajifunga kanga vizuri. "Mtafutie mwanao somo mwingine. Mchawi hatoi mwali."

Akaondoka. Ndani, nyuma ya pazia la mlango, Shakila alisikia yote. Hakutoka, kwa sababu mwali hatoki. Kilio chake tu ndicho kilichotoka.

*

Kesho yake akafika Kibwana, kaka yake Mwajuma. Kwa Waluguru, mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya mtoto wa dada yake. Na Kibwana, hata bila ujomba, alikuwa na sauti kubwa.

Alizunguka nyumba yote. Aliporudi alikuwa ameshika ndege kwa ncha ya bawa. Ndege alikuwa amekufa. Mgongo wake ulikuwa wa rangi ya dhahabu yenye madoa, tumbo jeupe, na uso mweupe umechongoka chini kama jani la mpilipili manga.

Wanawake wakakimbia mpaka ukutani.

"Bundi!"

"Bundi," alisema Kibwana. "Nimemkuta migombani. Wameanza kufa wenyewe. Uchawi wao umewarudia."

Jioni wote walikaa uani kutazama. Giza lilipoanza kuingia, bundi mwingine akaja bila sauti yoyote, akatua ukingoni mwa paa, akajipenyeza palipoachia ubao. Na hapo hapo kule darini mkoromo ukapanda. Sasa walikoroma wengi.

"Basi," alisema Kibwana. "Kesho nachoma pilipili kwenye kigae chini ya dari. Akitoka nampokea na rungu. Halafu hizo hirizi tunampelekea mganga."

Mwajuma aliitikia. Lakini alikuwa akitazama nyumba ya pili. Taa ya Raya ilikuwa imewaka, na hakuna aliyekuja kuomba chumvi.

*

Kwa Raya alipanga Filomena, bibi shamba wa kata. Alikuwa mgeni, mtu wa Gairo, na kazi yake kubwa pale kijijini ilikuwa mipilipili manga na ndizi. Jioni ile Raya alimsimulia yote, analia na kucheka kwa hasira. Filomena aliuliza swali moja tu.

"Hizo hirizi ni nyeusi, ndani nywele na mifupa?"

"Umeziona wapi?" Raya akashtuka.

"Nyumbani Gairo. Zilikuwa zikidondoka chini ya ghala la mahindi la baba yangu. Kesho nakwenda."

"Nenda. Mimi siingii kwake. Nitasimama njiani."

Asubuhi Filomena alibisha hodi, gambuti miguuni. Raya akabaki njiani, kanga kifuani, uso ameugeuza kando. Uani Kibwana alikuwa anapuliza mkaa. Rungu liliegemezwa ukutani.

"Shikamoo mjomba. Shikamooni mama zangu."

"Marahaba," alisema Kibwana. "Bibi shamba, leo hatuna habari za migomba."

"Nami sikuja kwa migomba. Nimekuja kuziona hirizi."

Watu wakaguna. Kibwana alikuwa amezifunga kwenye kitambaa chekundu, akazitundika mtini asizishike kwa mkono.

"Ukidhurika usiseme hukuambiwa," alisema.

"Nikidhurika, mtarithi gambuti zangu. Naomba sinia na maji ya vuguvugu."

Filomena akaviloweka vitonge kwenye sinia. Akavivunja taratibu kwa vijiti viwili. Nywele zikaachana, maji yakawa ya kijivu. Akatoa fupa jembamba, akalilaza ukingoni mwa sinia. Akatoa jingine. Wanawake waliokuwa ukutani wakasogea hatua moja. Kisha akatoa fuvu dogo, kamili, na mbele yake meno mawili marefu, yamepinda, rangi ya chungwa.

"Haya, mama zangu. Nyie mmelima kuliko mimi. Hayo ni meno ya nani?"

Regina, aliyeacha maandazi yake ili asipitwe, akainama.

"Hayo ni ya panya."

"Na hili?"

"Panya."

"Na hili kubwa?"

"Hilo ndilo lililokula gunia langu la karanga! Nalijua!"

Mtu akacheka. Mwingine akasema, "Sasa huyu ni mchawi gani, anaroga panya?"

Filomena akachuchumaa, akawaeleza. "Bundi anammeza panya mzima mzima. Nyama inasagika tumboni. Nywele na mifupa haisagiki. Basi anavikusanya vikawa kitonge, anavitema. Ndiyo hivi. Kila kitonge ni panya aliowala, mara nyingi zaidi ya mmoja. Hakuna mtu aliyekuja kuweka kitu hapa."

"Na anayekoroma?" Mwajuma aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hao ni makinda. Bundi wa aina hii hawalii kama kuku. Wakiona njaa wanakwaruza koo, khrrrr. Wanamwita mama alete panya."

"Maneno ya shule hayo," alisema Kibwana. "Bundi akilia kwenye nyumba, mtu anakufa. Hilo tumelishuhudia."

"Mjomba, bundi hulia lini?"

"Usiku."

"Na usiku nani yuko macho?"

Kibwana akafikiri. "Mwenye mgonjwa."

"Ndiyo. Anayeuguza anakesha, kwa hiyo anamsikia. Usiku mwingine bundi analia vile vile, ila nyie mmelala. Mgonjwa akifa mnamkumbuka bundi. Akipona mnamsahau."

Kibwana akaichukua ngazi, akaiegemeza. "Mimi naamini macho yangu," alisema, akapanda. Walimwona mpaka kiunoni, kichwa na mabega yamezama darini. Akakaa huko kitambo.

"Kibwana!" Mwajuma aliita. "U mzima?"

"Wapo," sauti ilitoka juu. "Wana manyoya kama pamba iliyochambuliwa vibaya. Sura za wazee walionyimwa pensheni. Wananizomea." Akajisogeza ndani zaidi. "Na pembeni yao kuna panya wawili, wamewekwa akiba. Mchele uko pale pale. Wao hawaugusi."

Aliposhuka alikuwa na utando wa buibui kwenye kofia. Akalitazama rungu, akalichukua, akalipeleka nyuma ya choo.

Filomena akauliza, "Yule aliyekufa yuko wapi?"

Wakamwonyesha. Hakumshika kwa mkono mtupu. Akavaa mfuko wa plastiki, akamgeuza, akaona damu puani, na mwilini hakuna jeraha.

"Huyu hakupigwa. Hapa kuna mtu ametega sumu ya panya?"

Hapo ndipo Mwajuma alipotamani nyumba yake iwe tupu. Watu wote walimtazama. Hata Raya, kule njiani, aligeuza uso.

"Mimi," alisema. "Panya walitoboa mchele wa ngoma. Sikujua kama sumu inamfikia ndege. Nilimtegea panya, waliokufa nikawatupa migombani."

"Sumu haiishii kwa panya, mama Shakila. Panya akiila hafi hapo hapo. Anazurura anapepesuka. Bundi anamwona mnyonge, anamdaka. Sumu iliyo ndani ya panya inahamia kwa bundi. Na wale uliowatupa migombani, mwewe na paka wanawaokota, na kuku wanawadonoa. Bundi anakula panya kila usiku, bila mshahara. Ukimwua yeye, panya wanaobaki wanazaliana bila mtu wa kuwapunguza."

"Nimejiulia mlinzi," alisema Mwajuma.

"Amebaki mmoja, na anawalisha watoto peke yake. Kila panya mwenye sumu anayetoka darini ni hatari kwake. Kwa hiyo kazi ni ya leo."

Kazi ikawa ya leo. Kibwana alifunga mifuko mikononi, akaokota dagaa wote wenye sumu, mpaka chembe ya mwisho. Yeye na Filomena wakawakusanya na panya waliokufa, wakachimba shimo refu mbali na kisima, wakafukia, pamoja na yule bundi. Kila aliyeshika kitu akanawa kwa sabuni. Mchele na maharage vikateremshwa, vikapepetwa, vilivyochafuliwa vikatupwa shimoni, vilivyobaki vikatiwa kwenye mapipa ya bati yenye mifuniko, ya kuazima. Tawi la mpera lililolala juu ya paa, ambalo panya walilifanya daraja, likakatwa. Nyasi nyuma ya nyumba zikafyekwa. Filomena aliwaonyesha mitego ya kubana, iwekwe ndani ambako kuku na watoto hawafiki.

"Na palipoachia ubao?" Kibwana aliuliza. "Nipigilie?"

"Paache, mjomba. Huo ni mlango wa watu."

*

Likabaki jambo moja, na hilo halikuwa na mtego wala pipa. Mwajuma alitoka mpaka njiani. Raya alikuwa bado amesimama.

"Raya. Nimekosa. Nisamehe."

"Umeniomba msamaha hapa njiani, tuko wawili," alisema Raya. "Uliponisema tulikuwa wawili? Kuna mtu Mkuyuni kwenye mashine ya kusaga ananiogopa, na mimi hata simjui."

"Unataka nifanye nini, shoga?"

Raya akaingia uani kwa mara ya kwanza tangu siku ya ugomvi. Akauchukua ule ungo, akamimina humo mifupa yote ya kwenye sinia, mafuvu juu, meno yanaonekana. Akampa Mwajuma.

"Maneno yalipita nyumba gani na gani, unazijua. Pita humo humo. Kila mlango uwaonyeshe hii, na useme kwa kinywa chako. Ukirudi nitakuwa ndani na mwali wangu."

Mwajuma akaenda. Jua lilikuwa kali na njia ni ya mawe. Alianza kwa Regina, ingawa Regina alikuwepo na aliona yote. Akasema pale pale, mbele ya wanunuzi. Akaenda nyumba kwa nyumba, ungo mkononi. "Hii ndiyo hirizi niliyosema. Ni panya. Imetemwa na bundi. Raya hana kosa, kosa ni langu. Na sumu ya panya msitege, inaua bundi." Wengine walicheka. Wengine walimfungia mlango kwanza, kisha wakafungua dirisha ili waone. Mzee mmoja alimfanya arudie yote tangu mwanzo. Alifika mpaka Mkuyuni, kwenye mashine ya kusaga, akasimama kwenye foleni ya watu weupe kwa unga. Walipomaliza kumsikiliza, mwenye mashine alisema, "Mimi nina panya ghala zima. Huyo bundi anakodishwa?"

Aliporudi miguu ilikuwa imevimba. Kutoka chumba cha mwali alisikia sauti ya Raya, anafundisha, na sauti ya Shakila, anacheka.

*

Siku ya ngoma uani hapakuwa na nafasi ya kutua mguu. Hafidhi, baba yake Shakila, alikuwa amefika kutoka Kisaki, na usiku wa kuamkia siku hiyo mwali hakuweza kujua nani anakoroma wapi. Masufuria ya wali yalipangwa jikoni, na wali ulitosha, kwa sababu mchele ulikuwa salama kwenye mapipa. Raya akatoka mlangoni amemshika Shakila mkono, mwali amefunikwa kanga mpya. Vigelegele vikapanda mpaka mlimani. Wajomba wakamwinua mwali mabegani.

Jioni, ngoma bado zinalia, bundi mchanga alichungulia palipoachia ubao. Akajitupa hewani, akayumba, akapiga mbawa mara kadhaa, akatua juu ya paa la Raya. Ngoma zikasita. Mgeni mmoja aliyetoka mjini Morogoro akaruka kutoka mkekani.

"Bundi! Jamani, bundi kwenye ngoma!"

"Kaa chini, mwanangu," alisema Kibwana, mdomo umejaa. "Huo wali unaokula, yeye ndiye aliyeulinda. Wewe ulikuwa wapi?"

Ngoma zikaanza tena.

Asubuhi iliyofuata wageni walikuwa wamelala kila mahali. Mwajuma alifagia uani peke yake, akiwaruka miguu. Chini ya paa ufagio ukagonga kitu. Kitonge cheusi, bado kinang'aa. Akainama, akakivunja kwa kijiti, akatazama meno ya rangi ya chungwa. Kisha akajishika kiuno, akaelekea uani kwa jirani, na kupaza sauti iliyowaamsha wageni wote.

"Raya! We Raya! Njoo uone uchawi wako, jana umefanya kazi!"

Dirisha la nyumba ya pili likafunguka.

"Uache hapo hapo," alijibu Raya. "Nakuja na ungo."